Nimekuona: hotuba kwa wenzangu wa magurudumu mawili

(Niliitoa hotuba hii katika mkutano wa waendeshaji wa bodaboda wa steji za Thika Road, kwenye ukumbi mmoja wa Kasarani. Nimeiandika karibu na nilivyoisema, nikiacha tu pale ambapo honi za nje zilinikatiza.)

Mwenyekiti, wazee wa steji, wageni wetu wenye pikipiki kubwa mlioziegesha pale nje mkatuzibia mlango, ndugu zangu, na dada zangu ambao leo nimewahesabu tukawa sita: hamjambo?

Mmeitika vizuri. Ukumbi mzima umeitika na hakuna aliyeuliza kwanza, "Huyu mama ni nani?" Wengi wenu mnaniita Mama Mzigo, wengine hamnijui kabisa, lakini salamu imeitikiwa. Huko nilikozaliwa ukimpita mzee njiani bila kumwamkia, habari humfikia mama yako kabla wewe hujafika nyumbani. Nairobi hatuna huo muda. Hata hivyo, mwenyekiti aliponiomba nizungumzie usalama barabarani nilimwambia kwamba mambo ya riflekta na leseni wameshayasikia mpaka wamechoka. Mimi nitazungumzia salamu. Ile tunayopeana tukipishana, isiyo na maneno.

Zamani nikibeba abiria, dada mmoja alikuwa nyuma yangu kutoka Ngara. Nikatikisa kichwa kwa mwendeshaji aliyekuwa akija. Dada akaniuliza, "Huyo ni nani?" Nikamwambia simjui. "Sasa mbona umemsalimu?" Nilikosa jibu mpaka tukafika Pangani, na nauli yake ilikuwa shilingi hamsini tu, kwa hiyo sikuona haja ya kuendelea kulitafuta. Lakini swali lilibaki nami.

Wale wa umri wangu mnazikumbuka kadi za salamu. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya watu anaowasalimu, akaipeleka redio ya taifa, kisha akakaa na transista akingoja isomwe. Kulikuwa na watu waliojulikana nchi nzima kwa salamu peke yake, na majina yao ya utani. Baba yangu alikuwa mmoja wa wagonjwa hao. Nusu ya watu aliowasalimu hakuwahi kuwaona kwa macho. Mama alikuwa akimwambia, "Pesa ya kadi ingenunua chumvi." Nilipoanza kuendesha nduthi, mwaka 2013, ndipo nilipomwelewa baba. Unamsalimu mtu usiyemjua, na yeye akikujibu, ni kama umesikia jina lako likisomwa.

Salamu yenyewe ni kitu kidogo, lakini ina ufundi. Shikeni usukani hapo hapo mlipoketi. Mkono wa kulia uko kwenye mafuta na breki ya mbele. Ukiutoa, pikipiki inapunguza mwendo ghafla, na aliye nyuma yako, ambaye kwa kawaida ni matatu, hakulitarajia hilo. Mkono wa kushoto uko kwenye klachi. Huo unaweza kuuachilia ukishaingiza gia. Shida ni kwamba sisi tunashika upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo mwenzako anapita kulia kwako, na mkono wako wa kushoto unaupungia mtaro. Mmarekani hana taabu hiyo. Kwao wanashika kulia, na mkono ulio huru ndio ulio upande wa mwenzake. Anaushusha chini karibu na lami, vidole viwili, yamekwisha. Mfaransa naye, akipenya katikati ya magari na dereva akampisha, anautoa mguu wa kulia na kuuning'iniza kidogo. Ndiyo asante yake. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, maana hapa mguu ukitoka maana yake ni "nakata kona, usinipande." Waingereza, wanaoshika kushoto kama sisi, wanatikisa kichwa.

Nasi pia ni kichwa. Au full, ile taa kali ya mbele, mara moja, iwashwe na kuzimwa. Au honi fupi, ile ya "pi," si ile ya "toka." Wengine mnanyanyua kiwiko cha kulia bila kuachia mafuta, mkaonekana kama kuku aliyetaka kuruka akaghairi. Sitataja majina, mko hapa.

Wamarekani wana hadithi kwamba desturi hii ilianza 1904, pale Bwana Harley na Bwana Davidson, waliokuwa wameanzisha kampuni yao mjini Milwaukee mwaka mmoja kabla, walipopishana wakapungiana mikono, na mtu aliyekuwa akitazama akadhani hivyo ndivyo wenye pikipiki wanavyopaswa kufanya. Hadithi tamu. Mimi siiamini, kwa sababu sioni kama salamu hii ilihitaji mwanzilishi. Chukua watu wawili wasiojuana, kila mmoja amejitwika ndoo ya maji kichwani, wapishe kwenye njia yenye utelezi. Watasalimiana tu.

Kwetu mambo yalianza na baiskeli. Mpakani Busia, tangu miaka ya sitini, vijana walivusha watu kutoka upande wa Kenya hadi upande wa Uganda wakiita "boda, boda!" na jina likabaki hata kwa anayebeba mtu kutoka Zimmerman hadi Githurai bila kuona mpaka wowote. Pikipiki zikaja kufurika baada ya 2008, serikali ilipoondoa ushuru kwa zile za chini ya cc 250. Mimi nilikuta bado kuna nafasi. Thika Road ilikuwa mpya, imefunguliwa mwaka uliotangulia, na ukimwona mwenzako mbali unajiandaa: huyo anakuja, huyo anakuja, kichwa! Leo simama Roysambu saa kumi na mbili jioni ujaribu kumtikisia kichwa kila mtu. Shingo itakatika. Hili nimelisikia hata leo hapa, kijana mmoja akisema salamu ni mambo ya mashambani. Ana haki kiasi. Hata kwa miguu, hakuna anayeamkia kila mtu Tom Mboya Street. Ukifanya hivyo watu wanashika mifuko yao.

Lakini angalieni salamu imekimbilia wapi. Iko soko la Marikiti alfajiri, wakati wa kubeba sukuma wiki. Iko Kiserian ukipanda kwenda Corner Baridi. Iko kwenye Southern Bypass usiku. Na iko chini ya madaraja. Mvua ya Aprili ikishuka, mnajua wenyewe, tunajaa chini ya daraja hadi tunafunga leni moja, na wenye magari wanatutukana, na kusema kweli wana sababu. Ila chini pale, helmeti zikitoka vichwani, utasikia, "Kumbe ni wewe! Tulipishana asubuhi pale Allsops." Hawajuani majina. Wanajuana kwa pikipiki, kwa rangi ya helmeti, kwa kiwiko.

Sasa nifike mahali penye uchungu. Kila aliyewahi kugongwa humu ndani anaijua sentensi ya kwanza ya dereva. Haiwi "pole." Huwa ni "sikukuona." Nanyi mnakasirika mnasema ni mwongo. Mara nyingi si mwongo, ndiyo maana inatisha. Dereva akitaka kutoka barabara ndogo, anatupa jicho akitafuta gari. Pikipiki ikija mbele kwa mbele ni nyembamba kama fimbo. Inaonekana kama imesimama tu, haikui machoni pake mpaka imemfikia. Ile nguzo ya kando ya kioo cha mbele inatosha kutuficha, mimi na mzigo wangu wote. Mwaka 2023 NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ilihesabu zaidi ya watu 4,300 waliokufa barabarani nchini. Walioongoza ni wanaotembea kwa miguu, na sisi tunawafuata. Jumlisha hao na sisi, mtaona barabara hii inawala walio nje ya bati.

Basi mwenzako akikutikisia kichwa, anakuambia jambo ambalo siku nzima hukuambiwa na mtu: nimekuona. Sijali umetoka wapi, una deni gani la pikipiki, askari wa kanjo wamekusumbua au hawajakusumbua. Nimekuona, uko hapo. Yule dada wa Ngara, kama yuko hai na anasikia, jibu lake ndilo hilo, limechelewa miaka kumi.

Niwape kisa kimoja, nacho ni changu.

Ilikuwa saa mbili usiku, Southern Bypass, upande wa msitu wa Ngong, nikielekea Lang'ata. Nina boksi la keki, keki ya harusi, tabaka la juu. Waya wa klachi ukakatika. Wanaojua wanajua: unaminya klachi, mkono unaingia hadi mwisho bila kizuizi, kama kushika mkono wa maiti. Nikasukuma hadi pembeni, nikazima injini, nikaacha taa. Mahali pale hapana sifa nzuri. Magari yakanipita, moja, mawili, nikahesabu hadi kumi na moja nikaacha. Siwalaumu. Hata mimi nisingesimama.

Kisha taa moja ikatokea upande wa pili, ikapiga full mara mbili. Nikapiga full yangu mara mbili. Akapunguza mwendo, hakusimama, akatikisa kichwa. Nikatikisa. Akaenda, nikasema basi, ndiyo imekwisha. Baada ya dakika tatu nikasikia mlio nyuma yangu: alikuwa ametafuta pa kugeuzia. Hakuniuliza jina. Aliuliza, "Ni nini?" Nikasema, "Klachi." Akafungua chini ya kiti chake, akatoa waya mpya umeviringishwa kwenye mfuko wa maziwa. Akashika simu kwa meno ili tochi imulike. Anaupitisha waya kwenye ala yake taratibu, anakitia kile kichwa kidogo cha risasi kwenye tundu la mkono wa klachi, anavuta, anafunga nati kule chini kwa injini, anaminya, anasikiliza, anafungua tena robo mzunguko. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la unga. Nadhani alikuwa ametoka kupeleka magunia.

Alipomaliza nikavua helmeti ili nimshukuru vizuri. Akarudi nyuma hatua mbili. "Kumbe ni mathe!" Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau. "Mathe, ningejua ni mwanamke singesimama. Hapa wanaweka mwanamke barabarani, ukisimama wanatoka msituni." Nikamuuliza, "Sasa ulisimamia nini?" Akasema, "Ulijibu full mara mbili, halafu ukajibu kichwa. Mwizi angepunga mikono yote miwili."

Hakuchukua pesa. Nilimpa mia tano akairudisha, akasema nitafute waya mwingine nitembee nao. Keki ilifika. Ilikuwa imeegemea upande mmoja, bibi harusi hakufurahi, na nililipa.

Tangu siku hiyo natembea na waya wa klachi miwili, mmoja wangu na mmoja wa mtu nisiyemjua. Nimeshautoa huo wa pili mara nne. Mara ya tatu niliyempa hakusema asante, alikuwa mlevi, na nilimwambia nitamripoti kwa mwenyekiti wake. Kwa hiyo msidhani natangaza utakatifu hapa.

Ni lazima niseme pia kwamba siku hizi wezi nao wanatembea na pikipiki, na wamejifunza full mara mbili. Kwa hiyo usiku jibu salamu, lakini usizime injini mpaka umeona mikono ya mtu. Nina huzuni kusema hivyo.

Na kuna jambo jingine, ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kuna honi ya salamu, na kuna honi ya kuitana. Mmoja akigongwa, wote tunazijua zile honi ndefu zinazopokezana kutoka steji hadi steji. Ndani ya dakika chache tumekuwa sitini, na hakuna hata mmoja kati ya hao sitini aliyeona kilichotokea. Machi 2022, pale Barabara ya Wangari Maathai, nchi nzima iliona kwenye simu kile waendeshaji walichomfanyia mwanamke ndani ya gari lake, kisha msako ukatupata sote, wenye hatia na wasio nayo, pikipiki zikarundikwa vituoni kama kuni. Wakati ule tulisema, "Ni wachache." Mimi sikusema. Kwa sababu miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeitika honi ya namna hiyo.

Sikumpiga mtu. Nilikuja tu, nikaweka pikipiki yangu mbele ya gari ili lisiondoke. Ndani kulikuwa na mzee, umri wa baba yangu, ameshika usukani kwa mikono yote miwili huku midomo inamtetemeka. Kijana wetu alikuwa amelala chini akishika goti. Wenzangu wanapiga bati makofi. Mwuza mahindi aliyekuwa kando ya barabara ndiye aliyepaza sauti: "Huyo kijana alikuwa anakuja upande usio wake!" Hakuna aliyemsikiliza, mimi nilimsikia. Nikaiondoa pikipiki yangu, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeziba, mzee akapata upenyo akaenda. Kwa wiki nzima wenzangu hawakunisalimu. Napita steji, vichwa vimegeuka. Ndipo nilipojua salamu ina uzito gani, siku niliyonyimwa.

Kijana akikutikisia kichwa asubuhi amekuambia amekuona. Hajakuajiri uwe wakili wake na bondia wake. Nikija nikikukuta umepanda upande usio wako, nitakuinua, nitakufunga goti, nitakupeleka hospitali kwa mafuta yangu. Gari la mtu sitalizuia tena.

Wageni wetu wa pikipiki kubwa, sasa zamu yenu. Mmetabasamu sana tangu asubuhi. Jumapili huwa nawaona mkishuka Magadi Road, mmejipanga, jaketi za ngozi, buti hadi magotini, na mlio wenu unawafikia mbuzi kabla yenu. Mnasalimiana ninyi kwa ninyi vizuri sana. Mimi nikiwa na kreti tatu za mayai nikitikisa kichwa, helmeti zenu hazigeuki. Labda hamnioni kwenye vile vioo vyeusi. Labda mnadhani kwamba kwa vile ninyi mnaendesha kwa raha na mimi naendesha kwa karo ya shule, hatufanyi kitu kimoja. Lakini lami ikilowa mafuta ya lori pale Olepolos, tutateleza pamoja. Ile barabara ya kulipia, Expressway, ilipofunguliwa 2022, pikipiki zilikatazwa kupanda, na mlinzi wa pale hatofautishi ya milioni mbili na yangu. Haya, mmoja wenu aliwahi kunijibu, Corner Baridi, mwaka juzi. Alinyanyua vidole viwili vya kushoto juu ya usukani. Nilifurahi mpaka nikapitiliza kwa mteja. Kama yuko hapa, mayai yalifika, mawili tu yalipasuka.

Vijana wa pikipiki za umeme, wenu ni mfupi. Mnakuja kimya kama paka, tunashtukia mko ubavuni. Pigeni hiyo honi fupi. Nawaonea wivu jambo moja tu: pale mnapobadilisha betri mnapanga foleni, na foleni inazaa mazungumzo. Sisi kwenye petroli tunajaza mia mbili tunaondoka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na wale ambao hatunao. Mwaka huu tumesindikiza wawili kutoka steji yetu. Mnajua tunavyofanya: matawi mbele ya taa, honi njia nzima, na gari la maiti katikati. Majirani hulalamika kwamba ni kelele. Siku tuliyomsindikiza wa pili, tukiwa tunapita Muthaiga, waendeshaji waliokuwa wakija upande wa pili, ambao hawakumjua marehemu wala sisi, walikuwa wakifika usawa wa lile gari wanazima honi na kuinamisha vichwa. Mmoja baada ya mwingine, hadi Pangani. Mjane alikuwa dirishani. Akanivuta mkono baadaye akaniuliza, "Hawa wote walikuwa rafiki zake?" Nikamwambia ndiyo.

Mvua imeanza, naisikia kwenye mabati, na nina mzigo wa Kahawa West unaotakiwa kabla ya saa kumi. Helmeti yangu ni nyekundu, imekwaruzwa upande wa kushoto. Wenye pikipiki kubwa, tafadhali, anzeni ninyi kutoka, mnifungulie mlango.